Mwenye Duka na Mwenye Gunia

Saa kumi na moja jioni, katikati ya mji wa Kitui, mji wa pili huanza. Maduka bado yako wazi, lakini mbele ya milango yake magunia yanatandikwa: nyanya, sukuma, maembe kama ni msimu, ndengu za kupimwa kwa gorogoro, viatu vya mitumba vilivyopangwa jozi kwa jozi. Watu wanaotoka kazini wananunua huku wakielekea steji. Ikifika saa kumi na mbili, hakuna pa kukanyaga. Mwenye duka amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Mwenye gunia anajua anaangaliwa, na hageuki.

Tuseme ukweli, mwenye duka ana hoja. Mwisho wa mwezi analipa kodi ya nyumba, stima, leseni ya kaunti, mshahara wa vijana wawili na mkopo wa sacco. Anauza viatu. Nje ya mlango wake, mtu ambaye halipi hata moja kati ya hizo anauza viatu kwa nusu ya bei, tena ameziba njia ya kuingilia dukani. Mwenye gunia naye ana hoja. Akiambiwa aende ndani ya soko, anauliza: nani atanifuata huko saa hizi? Mteja wangu yuko njiani, anakimbilia matatu. Nikimkosa hapa, nimemkosa.

Wote wawili wanasema kweli. Sasa, nani kati yao ana haki zaidi ya kuamua sehemu hii ya mji iwe vipi?

Usidhani ni swali la darasani. Lina jibu la kisheria, na jibu hilo linagusa kila mji mdogo unaokua Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 184, inataka sheria ya miji iweke nafasi ya wakaazi kushiriki katika uongozi wa miji yao. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inasema manispaa iongozwe na bodi ya watu tisa. Wanne kati yao hupendekezwa na makundi ya mjini: wanataaluma, sekta binafsi, vyama vilivyosajiliwa vya sekta isiyo rasmi, na vyama vilivyosajiliwa vya wakaazi wa mitaa. Maana yake ni kwamba katika manispaa kama Kitui, chama cha wafanyabiashara hakihitaji kupiga kelele nje ya mlango. Sheria imekiwekea kiti ndani.

Kiti cha wafanyabiashara kina faida, na nitazitaja kwanza kabla ya kuuliza maswali. Mfanyabiashara anaijua barabara kuliko afisa wa mipango. Anajua taa ipi haiwaki, mtaro upi hufurika mvua ya Novemba ikipiga, na ni saa ngapi wezi wa simu huanza kazi. Isitoshe, gavana ana miaka mitano, akibahatika kumi. Mwenye duka anaweza kukaa pale miaka thelathini. Mji unahitaji watu wenye kumbukumbu ndefu.

Nairobi ilijaribu jambo hili mapema. Mwaka 1997, wakati katikati ya jiji pamejaa giza, takataka na wizi, wafanyabiashara waliunda chama cha wilaya ya kati ya biashara, NCBDA. Hawakungoja halmashauri ya jiji. Walishughulikia usalama na taa, na vyoo vya umma vilivyokuwa vimegeuka maficho ya wahalifu vikakarabatiwa. Mtu aliyebanwa na haja katikati ya jiji akapata pa kwenda kwa sarafu chache. Hilo si jambo dogo. Mwaka 2009, Philip Kisia, aliyewahi kukiongoza chama hicho, akawa karani wa jiji. Safari ya kutoka chama cha wafanyabiashara hadi afisi ya jiji ilikuwa fupi hivyo.

Lakini chama hichohicho kilikuwa na ajenda nyingine iliyojulikana: wachuuzi waondoke katikati ya jiji. Mwaka 2008 soko la Muthurwa likafunguliwa, na wachuuzi wakaelekezwa huko. Wengi walirudi barabarani. Sababu yao ni ileile ya mwenye gunia wa Kitui: wateja hawapiti huko. Kwa miaka mingi kanjo walifukuza, wachuuzi wakakimbia, kisha wakarudi. Choo na msako vilitoka katika wazo moja la jiji safi, na watu walewale waliitwa wawakilishi wa jiji katika yote mawili.

Tatizo langu linaanzia kwenye neno hilo, wawakilishi. Chama cha wafanyabiashara kina haki kamili ya kusema "sisi wenye maduka tunataka hivi." Kinapoteleza ni kinaposema "mji unataka hivi." Sentensi ya kwanza ni ombi, na unaweza kulijibu. Ya pili ni madai ya kumiliki sauti ya watu ambao hawakuulizwa. Jina lenyewe huvalika kwa urahisi. Wakati wa maandamano ya mwaka 2023 walijitokeza watu Nairobi waliojiita jumuiya ya wafanyabiashara wa jiji, wakipinga waandamanaji, na mtandaoni Wakenya wakaanza kuuliza kwa kejeli: duka lenu liko mtaa gani?

Mbona basi sauti ya wenye maduka husikika kirahisi kuliko ya wenye magunia, na wenye magunia ni wengi? Mwaka 1965, mwanauchumi Mmarekani Mancur Olson alichapisha kitabu kuhusu jinsi makundi yanavyojipanga. Hoja yake kwa ufupi: kundi dogo ambalo kila mwanachama ana faida kubwa ya kupata hujipanga haraka. Kundi kubwa ambalo kila mmoja atapata kidogo hubaki limetawanyika, hata kama faida yao ikijumlishwa ni kubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 1965, hapa kwetu, vyama vya wafanyabiashara vilivyokuwa vimegawanywa kwa rangi, cha Wazungu, cha Waasia na cha Waafrika, viliunganishwa kuwa Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI, ambacho leo kina tawi katika kila kaunti. Kinyume chake, muungano wa kitaifa wa wachuuzi, KENASVIT, ulikuja kuundwa katikati ya miaka ya 2000. Hiyo ni pengo la miaka kama arobaini.

Angalia pia lile neno dogo katika sheria: vilivyosajiliwa. Sekta isiyo rasmi imepewa kiti, ndiyo, lakini kupitia vyama vilivyosajiliwa. Kusajili chama kunataka katiba, viongozi, mikutano, ada, na mtu wa kwenda afisini katikati ya siku ya kazi. Mkutano wa maoni ya wananchi ukiitwa saa nne asubuhi katika ukumbi wa hoteli, mwenye duka anamwachia kijana duka na kwenda. Mwenye gunia saa hiyo yuko sokoni akinunua mali ya jioni. Asipouza leo, hakuna kesho ya kumfidia. Kwenye orodha ya waliohudhuria hatakuwepo, na baadaye itasemwa ati wananchi walishirikishwa.

Hapo jibu la kawaida hutolewa: anayelipa ndiye asikilizwe. Mwenye duka analipa leseni na kodi, basi apewe sauti zaidi. Hata nje wako waliokwenda njia hiyo. Huko Toronto, mwaka 1970, wafanyabiashara wa mtaa wa Bloor West Village walipata sheria iliyowaruhusu kujitoza ada wenyewe ili watengeneze mtaa wao, na mtindo huo ukaenea duniani. Una heshima yake, maana mtu anatoa chake kwanza kabla ya kudai.

Lakini fanya hesabu. Mwenye gunia naye hutozwa ushuru, tena wa kila siku. Tuseme ni shilingi 50. Kwa siku 300 za kazi, hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwaka, kwa eneo la gunia moja lisilo na paa, stima wala maji. Ukitumia kipimo cha malipo kwa haki, kwa kulinganisha na nafasi anayopewa, huenda yeye ndiye akadai kiti cha mbele. Na hata asingelipa kitu, bado sidhani haki ya mtu katika mji inanunuliwa kwa risiti. Mtoto anayevuka barabara kwenda shule halipi leseni yoyote, na hakuna anayesema kivuko chake kingoje.

Mimi napendekeza kipimo kingine. Badala ya kuuliza umeweka nini, tuulize utapoteza nini. Uamuzi ukipita na ukakuumiza, utabaki na nini mkononi?

Jaribu kipimo hicho kwa watu watatu. Wa kwanza ni mwenye jengo la ghorofa tatu, anayeishi Nairobi na kuletewa kodi kwa simu. Wa pili ni mwenye duka aliyepanga humo. Wa tatu ni mwenye gunia aliye mbele ya duka. Magunia yakibaki, mwenye jengo hapotezi karibu chochote. Mwenye duka anapoteza sehemu ya faida, na mwezi mbaya anaweza kushindwa na mkopo. Magunia yakiondolewa, mwenye gunia anapoteza chakula cha jioni hiyo na mtaji wa kesho, kwa sababu kwake viwili hivyo ni pesa zilezile.

Sasa endelea mbele kidogo. Mji umesafishwa. Kabro imewekwa, taa zinawaka, magunia hayapo. Mwenye jengo anapiga simu: mtaa umependeza, kodi inapanda. Mwenye duka aliyesimama mkutanoni na kudai usafi huo anajikuta ndiye anayeulipia, na pengine hawezi. Miaka miwili baadaye anahama, na nafasi yake inachukuliwa na benki au supamaketi. Kumbe "wafanyabiashara" si kitu kimoja. Anayepanga na anayepangisha wanaweza kukaa meza moja, chama kimoja, na uamuzi mmoja ukamwinua huyu na kumwangusha yule. Mwenye duka alimtazama mwenye gunia kama adui kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele ya macho yake kila jioni. Mwenye jengo hakuonekana.

Utanipinga: ukisema anayepoteza zaidi ndiye mwenye haki zaidi, basi kila mwenye shida atatandika popote, na mji utaziba. Ambulensi itapita wapi? Mtu wa kiti cha magurudumu je? Pingamizi hilo ni la kweli, na kipimo changu hakilikimbii. Mgonjwa aliye ndani ya ambulensi anapoteza maisha. Mtu wa kiti cha magurudumu anapoteza mji mzima kama njia ya miguu imezibwa. Hao wanatangulia hata mbele ya mwenye gunia. Kupoteza zaidi hakukupi ushindi wa moja kwa moja. Kunakupa haki ya kusikilizwa kwanza, na haki ya kujibiwa kabla hujaondolewa: nitaenda wapi, lini, na mteja wangu atanipataje huko? Mpango usio na jibu la maswali hayo matatu haujawa mpango bado, hata uchorwe vizuri namna gani.

Kitui ingepaswa kuelewa hili upesi, maana biashara ilikuwa hapa kabla ya afisi za serikali. Katika karne ya 19, Kivoi Mwendwa alitoka huku na misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmisionari Ludwig Krapf alipomfuata Kitui mwaka 1849, na kutoka huku akauona Mlima Kenya, alikuwa mgeni wa mfanyabiashara. Leo barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imetiwa lami na njia ya kwenda pwani imefupika. Watu wanaokuja na kuondoka ndio walioutengeneza mji huu. Mama anayetoka Mutomo na kuku wawili siku ya soko si mkaazi wa manispaa, hana kura ya bodi, hana chama. Lakini akiuza kuku ataingia katika lile duka la viatu, mtoto anarudi shule Jumatatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mwenye duka methali hiyo ni hesabu ya biashara.

Kwa hiyo sitaki kiti cha wafanyabiashara kiondolewe. Nataka anayekikalia afanye mambo machache yasiyohitaji bajeti. Kabla hajatoa maoni, aseme anasema kwa niaba ya nani: wanaopanga au wanaopangisha. Wanapotofautiana, aseme hivyo wazi. Akipendekeza jambo litakalomwondoa mtu, aje na jibu la mtu huyo ataenda wapi. Na mkutano wa maoni uitwe saa ambayo mwenye gunia anaweza kufika. Au, rahisi zaidi, uende pale alipo: saa kumi na moja jioni, mbele ya duka, kabla ya matatu kujaa.

Mwenye duka tayari yuko hapo mlangoni. Hatua tatu tu zinamtenganisha na mtu ambaye wamekuwa wakitazamana kila jioni bila kuongea.