Mama wa Musa Alimficha

Katika Kutoka 2, mama wa Musa alimficha mtoto miezi 3. Hakukosa imani, alijua Farao anatafuta. Nasi tuliokimbia vita tunao wa kuwaficha. Tukiweka Facebook picha ya ubatizo, pamoja na jina la mtoto na namba ya nyumba yetu kambini, hata tuliyemkimbia ataisoma. Na ndugu aliyebaki kijijini, akiandika pongezi chini yake, naye amejulikana.

Tena, ile namba ya siri ya WhatsApp, yenye tarakimu 6, tusimpe mtu, hata akijiita mchungaji. Akiipata atawaomba jamaa zetu pesa kwa jina letu.

Na picha ya mwenzetu, tumwulize kwanza. Wako wajane kati yetu ambao hawajamwambia mtu walipo.