Je, Ni Halali Kumwachia Mtoto Mkono?

Jumapili alasiri, malori yakiwa yameegeshwa na mageti ya viwanda yamefungwa, barabara za Zone Industrielle hapa Bujumbura huwa wazi. Hapo ndipo nilipoanza kumfundisha mdogo wangu wa miaka saba kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Alinikamata mkono akasema, "Kaka, usiniachie." Nikamjibu, "Sikuachii." Kisha nikamwachia.

Alikwenda mita chache, akageuka kunitafuta, akaanguka. Goti lilichubuka, lakini hakulilia goti. Alisema, "Ulisema hutaniachia." Sikuwa na jibu.

Je, uongo unaomsaidia mtoto ni kosa? Wengi watasema si kosa, kwani mtoto mwoga asipodanganywa kidogo hatajifunza. Kwa upande mwingine, Kant katika insha yake ya mwaka 1797 alikataa kumdanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako. Mimi sifiki huko. Muuaji ningemdanganya bila kujuta. Lakini muuaji hakunipa mkono wake akiniamini. Mtoto alinipa.

Tena, uongo wangu haukufundisha nilichokusudia. Anayeteleza hukunja magoti na kutazama mbele. Mimi nilimfundisha kutazama nyuma, na kutazama nyuma ndiko kulikomwangusha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya mita chache.

Basi tusiwaachie kamwe? La. Asiyeachiwa hajifunzi. Inasimuliwa kwamba John Joseph Merlin, fundi aliyezaliwa Huy, Ubelgiji ya leo, mwaka 1735, aliingia karamuni London juu ya magurudumu huku akipiga fidla, akakivunja kioo cha thamani kubwa kwa kuwa hakuweza kujisimamisha. Kuteleza alijua, kusimama hakujua. Kwa hiyo deni la mwalimu si kumzuia mtoto asianguke, bali kumwandaa na kumwambia kweli.

Jumapili iliyofuata nilianza kwa kumfundisha kuanguka: achuchumae, aangukie upande. Kisha nikamwambia, "Nikihesabu mpaka tatu, nitakuachia."

Akafikiri kidogo. "Hesabu mpaka kumi."

Nikahesabu mpaka kumi, nikamwachia. Alianguka mbali zaidi kuliko mara ya kwanza, akainuka mwenyewe, akaninyoshea mkono turudie.