Mizani Moja kwa Zama Mbili

Katika mabishano ya barazani lipo moja ambalo watu wenye elimu hulidharau, wakidhani ni la wasio na kazi. Nalo ni hili: kati ya vikosi vyote vilivyopata kuvaa jezi nyekundu ya Simba ya Dar es Salaam, kipi kilikuwa bora kuliko vyote? Wazee husema cha 1974. Watu wa makamo husema cha 1993. Vijana huwacheka wote wawili, wakasema cha 2021. Mimi siyadharau mabishano haya hata kidogo, kwani ndani yake limo swali kubwa la maadili: je, yawezekana kuwahukumu kwa haki watu wa zama moja kwa mizani ya zama nyingine?

Ndugu msomaji, tuanze na mambo yenyewe yalivyokuwa. Mwaka 1974 Simba iliitoa Hearts of Oak ya Ghana, ikafika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Ghazl El Mahalla ya Misri. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ikatoka suluhu ugenini Abidjan na timu ya Stella, kisha ikafungwa 2-0 hapa nyumbani. Mwaka 2021 iliongoza kundi lake katika Ligi ya Mabingwa, ikiwa mbele ya Al Ahly waliokuwa mabingwa wa Afrika, ikatolewa robo fainali na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Na Mei 2025 ilifika tena fainali, safari hii ya Kombe la Shirikisho, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco.

Mtu wa haraka atasema kazi imekwisha: fainali ni zaidi ya nusu fainali, nayo nusu fainali ni zaidi ya robo. Lakini hesabu hiyo ni kama kuwapanga watembezi kwa idadi ya hatua bila kuuliza nani alipanda mlima na nani alitembea tambarare. Kombe la CAF la 1993 halikuwa shindano la mabingwa. Tena, mwaka 1974 mashindano yote yalikuwa ya mtoano, na siku moja mbaya ilitosha kuizika timu. Katika msimu wa 2018/19 kulikuwa na makundi: Simba ikafungwa 5-0 na AS Vita, ikafungwa 5-0 tena na Al Ahly, na bado ikaingia robo fainali kwa kuwa ilishinda michezo yake yote mitatu ya nyumbani. Wenzao wa 1974 wasingepewa nafasi hiyo ya kujisahihisha. Kwa upande wa pili, wa 1974 hawakulazimika kupambana na klabu zenye fedha na utaalamu kama walizonazo Waarabu wa Kaskazini hivi leo.

Hapo ndipo mzee mmoja hunyanyuka akasema, “Basi tuwapambanishe. Mlete Kibadeni wa 1974 acheze leo, muone!” Maneno haya yanapendeza masikioni, lakini hebu tuyachunguze. Tunamleta Kibadeni yupi? Tukimleta kama alivyokuwa, na viatu vyake, na lishe yake, na mazoezi ya siku zile, tutakuwa tumemdhulumu, kwani tutampa mtihani wa somo ambalo hakufundishwa. Tukimlea upya, kwa daktari wa timu, kwa nyasi nzuri, kwa mwalimu anayemwonesha picha za mchezo wa jana, tutakuwa tumeumba mtu mwingine na kumbandika jina la Kibadeni. Wa kwanza hatashinda kwa haki, na wa pili si yeye. Na ndivyo ilivyo kwa Chama au Miquissone tukiwarudisha nyuma. Mtu hachomolewi katika wakati wake kama jino, akabaki vile vile.

Je, tuseme basi kwamba kila zama na kitabu chake, tufunge mjadala? Methali hiyo ni ya kweli, ila wavivu huitumia kama mto wa kulalia. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka mingi anajua kwamba wanafunzi wawili wa miaka tofauti hawawezi kulinganishwa kwa alama tu. Lakini anajua pia kwamba si kweli kwamba wote walikuwa sawa. Kitabu cha kila zama husomwa, na kikisomwa huonekana kama kimeandikwa vizuri au vibaya. Swali la haki ni hili: alipewa nini, alikabiliwa na nini, na alifanya nini kwa alichopewa?

Hata kwa swali hilo, inatupasa kuwa waangalifu. Historia ya klabu hii imetupa mifano miwili inayofanana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1974 Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 huko Misri, ikatolewa kwa penalti. Mwaka 2003 ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 na Zamalek huko Misri, ikaenda kwenye penalti. Mara hii Juma Kaseja akasimama langoni, na Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi, wakavuliwa ubingwa. Mtihani ulikuwa mmoja, jibu likawa jingine. Je, tuseme wa 2003 walikuwa wanaume zaidi ya wa 1974?

Mfano wa pili. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani. Wengi walikwisha kuwazika. Wakaenda Zambia, wakashinda 5-0, wakasonga mbele. Mwaka 2021 Simba ilifungwa 4-0 huko Afrika Kusini, ikarudi nyumbani ikashinda 3-0, ikatoka. Nimesikia wakisema kwamba wale wa kwanza walikuwa na moyo, na hawa wa pili hawakuwa nao. La hasha! Kutoka 4-0 hadi kukaribia kusawazisha si kazi ya watu wasio na moyo. Bao moja lilipungua. Bao moja laweza kuzuiwa na mwamba wa goli, na mwamba wa goli haupimi tabia ya mtu. Tunakosea tunapolisoma matokeo kana kwamba ni cheti cha maadili. Ujasiri ni wa mchezaji; matokeo yana wabia wengi, na mmoja wao ni bahati.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu ulinganisho usio wa haki huumiza watu walio hai. Wazee tunayo tabia ya kulifanya jana kuwa fimbo ya kumchapia leo. Husemwa kwamba wachezaji wa zamani walicheza kwa mapenzi ya klabu, na wa sasa wanachezea fedha. Hebu tuulize: wale wa zamani walipewa fedha wakazikataa? Sifa ya maadili hutokana na kuchagua. Asiyelipwa kwa kuwa hakuna wa kumlipa hakuchagua umaskini, ameukuta. Tunapousifu ukata wao kama fadhila, tunajisamehe sisi tuliowashangilia kwa dakika tisini, kisha tukawaacha wazeeke bila hata nauli ya kwenda hospitali. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Waliocheza kwao tuliwatunza kwa makofi tu, na makofi hayalipi kodi ya nyumba.

Vijana nao wana kosa lao. Huuliza kwa kejeli, “Hao wa zamani walicheza na nani?” Wanasahau kwamba walicheza na Afrika ambayo hakuna kikosi cha Simba kilichokuwa kimefika nayo mbali kiasi hicho. Anayefuata njia hawezi kumcheka aliyefyeka msitu kwa kuwa alikwenda polepole. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Tena vitabu hivi vya zama mbalimbali havikutengana kama wanavyodhani. Kibadeni aliyecheza mwaka 1974 ndiye aliyekinoa kikosi kilichofika fainali mwaka 1993. Hakuna jezi iliyobaki, wala kiatu, wala mchezaji hata mmoja. Kilichobaki ni mtu mmoja aliyemfundisha mwingine alichokijua. Hiyo ndiyo klabu. Sisi walimu tunaielewa vizuri, kwa sababu shule nayo ni hivyo hivyo: wanafunzi huondoka, walimu hustaafu, na shule hubaki.

Ukinibana nitaje kikosi kimoja, nitakitaja cha 1974. Na kwa kukitaja nitakuwa nimekueleza umri wangu zaidi ya kukueleza habari za mpira. Nilikuwa kijana wakati ule, na kila mtu hudhani dunia ilikuwa kamili pale miguu yake mwenyewe ilipokuwa na nguvu. Hayo ni mapenzi, nayo hayana dhambi, mradi yasivae joho la hakimu.

Basi mjukuu akikuuliza kipi kilikuwa bora, usimpe jina la mwaka halafu ukanyamaza. Mweleze walipewa nini, walikutana na nani, na walifanya nini. Mweleze pia jinsi tulivyowatendea walipotundika viatu. Hilo la mwisho halihitaji kulinganisha zama, na hukumu yake haiwahusu wachezaji. Inatuhusu sisi tuliokuwa tumekaa jukwaani.