Chuma Ndani ya Mwili

Mtu anayekwenda kupigwa picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku huulizwa swali moja kabla ya kufunguliwa mlango: Je, una chuma mwilini? Wengi hujibu upesi kwamba hawana, tena hucheka kidogo. Walakini kwa mtu aliyepata kushika bunduki swali hilo ni zito. Ni kama kumwambia: Ulikuwa wapi siku zile, na ulikuwa pamoja na nani?

Twataka leo kumfikiri yule anayeuliza, yaani fundi wa mashine. Yeye si daktari, wala hatoi dawa. Kazi yake ni kumlaza mgonjwa, kumlinda, kupata picha iliyo safi na kuipeleka kwa daktari. Lakini kwa kazi hiyo ndogo huona mambo ambayo mke wa mgonjwa hajayaona, na pengine padri wake hajayasikia. Ana haki gani juu ya mambo hayo? Sisi watu wa Fizi na Baraka tuna sababu kubwa ya kujiuliza hivyo.

Yafaa kwanza kuieleza mashine. Wanaosoma Kifaransa huiita IRM, wanaosoma Kiingereza MRI. Haitumii mionzi ile ya Röntgen iliyovumbuliwa mwaka 1895. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe zake, mawimbi ya redio huzigusa, nazo hujibu. Kompyuta huyakusanya majibu hayo na kuyafanya picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuivumbua njia hiyo. Sumaku yenyewe mara nyingi ni ya tesla 1.5, ndiyo kusema nguvu yake yapata mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Tena hailali. Mgonjwa ameondoka, taa zimezimwa, nayo yaendelea kuvuta. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, chupa ya chuma ya oksijeni iliingizwa chumbani, ikaruka, ikamwua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelala ndani ya mashine. Na katika miaka ya 1980 mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya mabati alipofuka jicho moja, kwa sababu kipande kidogo cha chuma kilichokuwa ndani ya jicho lile kilisogezwa na sumaku.

Risasi nazo si za namna moja. Iliyofanywa kwa madini ya risasi na shaba haivutwi. Lakini ile ya Kalashnikov, ambayo kwetu hata watoto waijua kwa mlio wake, kwa kawaida ina kiini cha chuma cha pua, na hiyo huvutwa kwa nguvu. Ikiwa imekaa miaka mingi katika nyama ya paja, kovu limeishika, huenda isitoke mahali pake. Ikiwa karibu na jicho, au uti wa mgongo, au mshipa mkubwa wa damu, fundi mwenye akili hatajaribu. Ndiyo sababu huuliza, na akiwa na shaka huomba mgonjwa apigwe kwanza picha ya mionzi, ambayo huonyesha chuma waziwazi bila kukivuta.

Huko Marekani iko idara ya serikali inayowatunza askari wa zamani tangu mwaka 1930, nayo ina hospitali zaidi ya 150. Fundi anayefanya kazi humo hukutana na watu wa vita vya Vietnam, vya Iraki na vya Afghanistani, na vipande vya mabomu waliyorudi navyo nyumbani. Akiwauliza swali lake, hujibu bila haya. Kwa nini waone haya? Nchi yao hutoa hata nishani ya pekee kwa askari aliyejeruhiwa na adui. Kule jeraha ni heshima, na wagonjwa wote waliokaa katika benchi wakingoja zamu ni wenzake wa vita.

Kwetu ni habari nyingine kabisa. Fizi na Baraka hazina hospitali ya askari wa zamani, wala hazina mashine ile. Lakini swali lake tunalo, maana mwenye picha ya mionzi huona risasi ile ile. Tena watu wetu wengi walikimbia kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kigoma, na kutoka hapo wengine wamepelekwa Marekani, ambako watoto wao husoma kazi za hospitali. Kijana wa Baraka aweza kabisa kusimama siku moja mbele ya sumaku ile kubwa, na mzee wa Fizi aweza kulala ndani yake.

Nani atakayejibu kwa urahisi, akiwa ametoka milima hii? Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi za adui zitageuka maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko: usichukue mali isiyo yako, usimguse mwanamke, usiogope. Ernesto Guevara, ambaye alisomea udaktari, alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 na kukaa katika milima ya Fizi hadi Novemba. Katika maandishi yake alieleza jinsi imani hiyo ilivyowashika watu: aliyepigwa risasi haikusemwa kwamba dawa imeshindwa, ilisemwa kwamba yeye amevunja mwiko au ameogopa. Vikundi vya Mayi-Mayi vilivyotokea baadaye, katika vita vya 1996 na vya 1998 na hata baada yake, vimerithi jina la maji na miiko mingi ya namna hiyo.

Basi tumfikiri mzee aliyepita katika mambo hayo. Amelala kitandani, mgongo wamwuma, na kijana aliye sawa na mjukuu wake anamwinamia.

– Mzee wangu, samahani, mwilini mwako kuna chuma chochote, kama risasi au kipande cha bomu?

– Hapana, mwanangu. Hakuna.

Amesema uongo. Lakini tupime alichoombwa kutoa. Akisema ndiyo, amekiri mbele ya watu kwamba alikuwa na bunduki, na pengine bado yuko mtu anayemtafuta kwa jambo hilo. Amekiri tena, mbele ya nafsi yake, kwamba siku ile aliiba au aliogopa. Na huenda neno hilo amelificha kwa wenzake miaka 40 au 50, akifunika kovu kwa shati. (Ni ajabu kidogo kwamba mashine inayosikiliza maji ya mwili ndiyo inayoweza kuivuta risasi ambayo maji hayakuweza kuizuia. Lakini tuendelee.)

Wako mafundi wasemao: Mimi nimeuliza, yeye amekana, akiumia ni shauri lake. Maneno hayo hatuyakubali. Mtu hutoa ukweli mahali ambapo ukweli hautamdhuru. Ukimwuliza katika ujia, mlango wazi, na wanawake wa kijiji chake wameketi katika benchi wakisikia, umemfundisha kukana. Ukimwuliza kwa sauti ya askari wa barabarani anayedai karatasi, vilevile. Kutunza siri ya mgonjwa, ambako wengi hukudhani kuwa ni adabu tu, kumbe ni sehemu ya ulinzi wenyewe, sawa na kutazama kama mgonjwa ameacha funguo mfukoni. Fundi asiyejulikana kwa kunyamaza hatapata majibu ya kweli, na asiyepata majibu ya kweli siku moja atamwumiza mtu.

Afadhali mlango ufungwe, ndugu wa mgonjwa waombwe kungoja nje, na mgonjwa aambiwe kwanza sababu: Baba, hapa ndani mna sumaku, inavuta chuma, sitaki ikuumize, sikuulizi ulikipataje. Maneno hayo ya mwisho yana kazi kubwa. Yanalitenga swali la mwili na swali la matendo.

Na kwa kweli picha haijui kitu juu ya matendo. Yaonyesha risasi aliyopigwa mtu, haionyeshi risasi aliyopiga. Katika Fizi wamepigwa risasi wapiganaji, ndiyo, lakini wamepigwa pia akina mama wakitoka shamba la mihogo, wavuvi wa Ubwari, watoto, wachungaji wa ng’ombe wa milima ya juu. Chuma katika bega la Mbembe na chuma katika bega la Munyamulenge havina tofauti juu ya filamu. Fundi akitoka chumbani na kunong’ona, “Yule alikuwa msituni,” amesema jambo asiloliona, na katika nchi ambayo neno moja limetosha mara nyingi kuchoma nyumba.

Hapa mtu mwingine atatupinga, na tunamsikia. Atasema: Ninyi mwamfunika mwuaji. Iko wapi haki ya mama aliyeporwa na kutendewa mabaya? Hilo si neno la kujibiwa kwa haraka, hasa kwetu, ambako mgonjwa wa vita halazwi mbali na wale waliopata hasara kwa vita. Wodi ni moja. Aliyepora na aliyeporwa huweza kutenganishwa na kitanda kimoja tu.

Jibu letu ni kwamba haki ina mahali pake, na mahali hapo tumekwisha kupaona kwa macho. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka, ikahukumu askari kwa maovu waliyowatendea wanawake wa Fizi usiku wa mwaka mpya. Luteni kanali mmoja alifungwa miaka 20. Alihukumiwa kwa sababu wanawake walisimama wakasema yaliyowapata, na hilo lilihitaji moyo kuliko vita vingi. Hakuna aliyeketi akitazama filamu na kukisia. Fundi naye, ikiwa aliona uovu kwa macho yake, ni raia kama wengine na aende akashuhudie. Lakini kile alichokiona kwa sababu mtu mgonjwa alivua shati mbele yake kwa kumwamini, hicho si chake kukipeleka. Tunatoa jambo moja tu: mgonjwa akisema kwamba anakwenda kuua, maisha ya yule mwingine yatangulie, na fundi atafute msaada mara moja.

Kuna jambo gumu zaidi. Fundi mwenyewe ni mtu wa hapa. Itakuwaje akimtambua aliyelala kuwa ndiye aliyekuja nyumbani kwao usiku? Mapatano ya Geneva ya 1949 yamesema kwamba majeruhi wa vita watunzwe bila ubaguzi, na kwamba haja ya matibabu pekee ndiyo itakayomtanguliza mmoja mbele ya mwingine. Sheria ni njema, lakini haikuandikwa na mtu ambaye mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Twaona ya kuwa akiwapo mwenzake, na amwite. Hilo si kosa. Usiku, akiwa peke yake, afanye kazi yote kama kawaida, aulize swali lote, aweke mto chini ya magoti. Hatumdai kutabasamu. Wala hatusemi kwamba moyo wake uwe umekwisha kusamehe kabla ya saa ile. Kusamehe kuna mwendo wake, na wanaokudai kwa saa moja mara nyingi hawakupoteza kitu.

Wakristu wa parokia zetu wayajua hayo. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na Fizi Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Ilipita miaka karibu 60 mpaka walipotangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Katika miaka hiyo yote vijana waliokuwa Simba walirudi vijijini, walioa, walilima, walizeeka, na walipougua hawakuwa na hospitali nyingine ya kwenda ila zile wanakokwenda jirani zao.

Limebaki neno la bahasha. Katika hospitali zetu mgonjwa huchukua filamu yake akaenda nayo, akaiweka chini ya godoro au juu ya paa karibu na panga. Mtoto akiichukua na kuielekeza dirishani, ataona mbavu za babu yake, na kati ya mbavu, kitu cheupe chenye ncha, ambacho hakuna haja ya kusoma ili kukijua. Yafaa fundi amwambie mzee jambo hilo kabla hajampa bahasha, amwulize nani ataibeba na itawekwa wapi. Wengine hawajamwambia mke. Akiomba filamu yake ibaki hospitalini, basi ibaki kabatini, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja.