Damu Imekwenda, Jibu Liko Wapi?

Swali tunalotaka kulipima hapa ni hili: mtafiti aliyechota damu ya watu ili autafute ugonjwa, ana deni gani kwao? Sisi tuishio Nyanza-Lac twaona kwamba swali hili haliwahusu waganga peke yao. Lawahusu walimu wa lugha pia.

Mfano ulio karibu ni wa Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 kuelekea kusini, wakiuliza katika kila hospitali. Ilidhihirika kwamba saratani ile hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, nayo ni nadra milimani. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi. Kwa joto na malaria yake, mwambao wetu wafanana na nchi zile kuliko ufananavyo na milima ya Burundi iliyo nyuma yetu.

Mwaka 1964 kirusi kilionekana katika uvimbe huo, na katika miaka ya sabini watafiti wakachota damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile. Jibu lilichapishwa mwaka 1978: mtoto mwenye kingamwili nyingi za kirusi kile alikuwa katika hatari kubwa zaidi. Lilikuwa jibu la faida kwa ulimwengu, hatulibezi. Lakini lilichapwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu, na baada ya vita vya 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Vita havikuwa kosa la watafiti. Hata hivyo, mama aliyeushika mkono wa mwanawe ukachomwa sindano hangeweza kulisoma jibu lile hata kama angebaki nyumbani.

Kwetu Burundi jambo hili lawagusa Batwa kwanza. Katiba ya 2005 iliwapa viti vitatu katika kila baraza la bunge. Lakini kuwa na kiti si sawa na kuulizwa. Wasan wa Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za utafiti, wakitaka mtafiti awaendee kabla ya kuanza na awarudie amalizapo.

Wako watakaosema kwamba saratani ya mlango wa kizazi haingoji mikutano ya wazee. Hoja hii ni nzito. Jawabu letu ni kwamba chanjo iliyokwisha kuthibitishwa si utafiti, ni haki ya msichana, na asicheleweshewe. Utafiti ndio unaopaswa kungoja. Tena mzee wa kijiji aweza kumkaribisha mtafiti, lakini hana mamlaka ya kuutoa mkono wa mwanamke mwingine. Ridhaa ya jamii isiimeze ridhaa ya mtu. Hapa twatofautiana na baadhi ya wenzetu.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Neno saratani latokana na jina la Kiarabu la kaa. Halimwelezi lolote mfinyanzi wa Kitwa azungumzaye Kirundi. Zito zaidi ni neno uchunguzi. Mganga akipima damu ili akutibu, huo ni uchunguzi. Mtafiti akiipima ili ajue jambo ambalo pengine halitakufaa wewe kamwe, huo nao twauita uchunguzi. Mama akiambiwa kwamba damu ya mwanawe yachukuliwa kwa uchunguzi, hurudi nyumbani akangoja dawa. Ametoa ridhaa, lakini kwa jambo jingine kabisa. Afadhali aambiwe waziwazi, kwa Kirundi au kwa Kiswahili cha mwaloni: damu hii haitamtibu mtoto huyu, twataka kujua kitu, tukikijua tutarudi kukwambia, na tusipokijua tutarudi vilevile.