Korea Tunayoisifu na Korea Tusiyoisoma

Riruta nzima, kuanzia kwa vinyozi wa Satellite hadi vibanda vya chai vya Kawangware, utaisikia hoja hii: tulipopata uhuru mwaka 1963 sisi Wakenya tulikuwa sawa na Wakorea wa Kusini, leo wao wanatuuzia simu na magari, nasi bado twapanga foleni ya maji na mitungi mkononi. Hesabu hiyo ina ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pato la mtu mmoja katika kila nchi lilikuwa kama dola 100 kwa mwaka. Ila wapo wanaoongeza kwamba Wakorea walikuja Nairobi kunakili Waraka wetu wa sera ya uchumi, Nambari 10 wa 1965, wakaenda kuutekeleza. Mpango wao wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1962. Hawakuhitaji waraka wetu, na hadithi hiyo inatudhuru, kwa kuwa inatufanya tuamini kwamba nchi huinuliwa na karatasi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tumekariri vinavyoelea. Aliyeunda ni nani, na alilipa nini?

Anza na ardhi. Sheria iliyoanza kutekelezwa Korea Kusini mwaka 1950 ilizuia familia kumiliki zaidi ya hekta 3 hivi za shamba. Ziada ilipewa aliyekuwa akiilima, naye akailipa kidogo kidogo kwa mavuno yake. Makabaila waliishiwa nguvu, na maskini akapata cha kumsomeshea mtoto. Huku kwetu Kiambu na Dagoretti, ardhi ilikusanywa na kupimwa upya katika miaka hiyo hiyo ya 1950, huku vijana wengi wakiwa kizuizini. Waliomtii mkoloni walinufaika. Aliyerudi kutoka kambi ya Manyani alikuta mpaka umehama. Uhuru ulipofika, shamba la mzungu likauzwa kwa mwenye uwezo wa kununua. Kibera nako, Wanubi ambao babu zao waliipigania Uingereza walingoja hadi 2017 kupewa hati ya ekari 288. Anayelinganisha Seoul na Nairobi bila kutaja ardhi hajaanza kulinganisha.

Halafu shule. Wajapani, walioitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, waliifukuza lugha ya Kikorea madarasani, na mwaka 1942 wakawakamata wasomi waliokuwa wakiandaa kamusi yake. Hapa Dagoretti kulikuwa na watu wenye moyo kama wa wasomi hao. Shule za Karing'a zilijengwa na wazazi wenyewe baada ya ugomvi wa mwaka 1929 na wamisionari. Ugomvi ulihusu tohara ya wasichana, na katika hilo nasema bila kusita kwamba wazee walikosea. Lakini waliposema kwamba mtoto wao atafundishwa katika shule isiyomdharau, walikuwa na haki. Serikali ya kikoloni ilizifunga Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Kanisa la Kiorthodoksi lililofungamana nazo halikufa, na leo seminari ya Waorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Kupro iko hapa hapa Riruta. Ni wanafunzi wangapi hupita langoni pake wakijua hayo?

Seoul nayo ilikuwa na mabanda. Serikali iliyabomoa na kuwahamishia wakazi wake nje ya jiji, mahali pasipo kazi wala maji ya kutosha, hadi Agosti 10, 1971 walipoandamana kwa maelfu. Mahali hapo leo ni mji wa Seongnam. Mwaka uliotangulia, Novemba 13, 1970, fundi cherehani aliyeitwa Jeon Tae-il, kijana wa miaka 22, alijichoma moto sokoni Seoul akidai sheria ya kazi iheshimiwe. Wasichana wadogo walikuwa wakishona huko usiku na mchana, katika vyumba vya dari fupi wasimoweza kusimama wima. Mama yake, Lee So-sun, aliendelea kuwatetea wafanyakazi hadi alipofariki mwaka 2011. Mashati yaliyoshonwa na wasichana kama hao yalisaidia kuleta dola za kujenga viwanda. Kiongozi anayetuambia Korea iliinuliwa na mkono wa chuma wa Rais Park Chung-hee anauficha mkono wa yule msichana.

Wakorea hawakukubali kwamba chakula kinatosha kumnyamazisha mtu. Katika mji wa Gwangju wanajeshi waliwaua raia Mei 1980, na Juni 1987 umati ukalazimisha uchaguzi wa rais kwa kura ya wananchi. Miaka mitatu baadaye sisi tulikuwa na maandamano yetu ya Saba Saba.

Na bado hawajafika peponi. Wazee wengi walioijenga nchi hiyo ni maskini leo, wengine wakiokota maboksi barabarani, na mwaka 2023 wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 0.72. Kwetu mzee angali na kiti chake nyumbani; tusikibadilishe kwa barabara ya juu.

Walimu wa historia wa Riruta, Kawangware na Kibera, wafundisheni watoto Korea hii yote, pamoja na wafu wake. Kisha wapeni daftari waende kwa wazee wa Dagoretti na Wanubi wa Kibera, waulize shamba hili lilikuwa la nani na shule ile aliijenga nani. Walioshuhudia ni wachache sana sasa. Waende muhula huu.