Faili Inaposema Hakuna

Kazi yangu hapa Dagoretti ni kupanga vijitabu. Vya mazishi, vya harusi, vya kanisa, na mara moja moja vya mbari, yaani ukoo unaoandika nasaba yake kabla wazee hawajaisha. Hivi vya mbari ndivyo vimenifanya nijiulize swali ambalo linaonekana la kiufundi tu: ukurasa ukionekana sawa, una deni gani tena?

Kikuyu ina vokali saba, kwa hivyo huandikwa na herufi mbili za ziada, ĩ na ũ. Si mapambo. *Iria* ni ziwa. *Ĩrĩa* ni "ile". Vibao vya barabara vinatuandikia Uthiru na Mutuini bila viwimbi na maisha yanaendelea, lakini mzee anayeandika majina ya mababu zake hakubali kiwimbi kianguke.

Sasa, faili moja ya mbari ililetwa kwangu ikiwa tayari imechapwa kwa LaTeX, ile ya Leslie Lamport iliyojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth. TeX ilitoka 1978, miaka 15 kabla ya PDF, na shabaha yake ilikuwa karatasi: ukurasa upendeze ukichapwa. Fonti zake za kwanza zina nafasi 128 na hazina ũ. Kwa hivyo programu inachora u, halafu inaweka wimbi juu yake. Kwa jicho, safi kabisa. Ndani ya PDF kuna vitu viwili, wimbi na u, kila kimoja kivyake. Kwa ĩ ni wimbi na i isiyo na nukta. Baadaye fonti zikaongezwa hadi nafasi 256, zikaingiza ã na õ za Wareno na ñ ya Wahispania. ĩ na ũ? Bado nje ya mlango.

Nikafungua PDF hiyo nikatafuta majina ya mabinti wa Mũmbi, ambao koo zetu zinaitwa kwa majina yao. Njeri yupo. Nyambura yupo. Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, Wangarĩ: sifuri. Hata ukiandika Wanjiru bila kiwimbi humpati, kwa sababu lile wimbi limekaa katikati ya r na u. Na bado wote wamo, ukurasa hadi ukurasa, unawaona kwa macho yako.

Mweka hazina wa mbari hakushtuka. "Kijana, si inaonekana sawa? Kwa nini tulipie kitu hatukioni?" Swali la haki, na alikuwa na hoja nyingine nzuri kuliko hiyo: vitabu vya zamani havikuwa na kutafuta, na watu walisoma. Mtu akitaka jina la nyanya yake, asome kitabu chote, atakutana na wengine njiani. Hapo karibu anishawishi.

Lakini kitabu cha karatasi hakijibu swali. Kinakaa kimya mpaka ukifungue. Hata picha ya ukurasa iko wazi kwa namna yake: ukijaribu kuchagua neno unashindwa, unajua hii ni picha, unaanza kusoma. Hii PDF inachagulika, inatafutika, inampata Njeri mara moja. Inajenga imani, halafu ukimuuliza Wanjirũ inasema hakuna. Msichana aliye Dallas anayemtafuta shosho wa shosho yake kwenye kurasa 200 hatasema faili ni mbovu. Atasema shosho hakuandikwa. Na asiyeona, anayesomewa na kompyuta, atasikia majina yaliyovunjika katikati.

Kwa hivyo sioni kama ni suala la urahisi. Faili inatoa ushahidi ikiulizwa, na kuna mtu aliyeitengeneza. Kusema sikuombwa kukagua chini ya ukurasa ni kama fundi kusema aliajiriwa kupiga plasta, nyufa si zake.

Nilimwambia mzee achague mojawapo. Ama tutoe picha tupu isiyojibu chochote, ingawa hiyo inamfungia nje kabisa asiyeona. Ama anilipe siku mbili nihamishe kila kitu kwenda XeLaTeX, na fonti ya Yunikodi yenye herufi zetu nzima nzima. Ile ya katikati, inayopendeza na kudanganya, siiweki mkononi mwa mtu.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Na Wairimũ?" Nikaandika. Sifuri. Akasema ni jina la mama yake, akaanza kupigia wanakamati simu.

Tulipatana siku moja na nusu. Fonti mpya ni pana kidogo, mistari ikavunjika upya, faharasa ikabidi irudiwe, na kijitabu kikaongezeka kurasa sita. Kuhusu bei ya hizo kurasa sita bado tunabishana.